Arifa ya bure haizuii hati ya kughushi, ila ina kazi yake

Ofisi nyingi za usajili wa ardhi nchini Marekani siku hizi zina huduma isiyotozwa hata senti. Mwenye nyumba anaandikisha jina lake pamoja na baruapepe au namba ya simu, na siku hati yoyote yenye jina hilo inaposajiliwa, anatumiwa ujumbe. Jiji la New York wanayo kupitia ACRIS, mfumo wao wa kumbukumbu za ardhi. Philadelphia wanaiita Deed Fraud Guard. Florida walikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2023 ilitaka huduma hiyo ipatikane katika kila kaunti ifikapo Julai 1, 2024.

Viongozi wanaipenda, na sababu haijifichi. Haina gharama kubwa, haimuudhi mtu, na huzinduliwa kwa mkutano mmoja wa waandishi wa habari. Wakosoaji wanasema ni namna ya serikali kumgeuza mwathirika kuwa mlinzi wa kumbukumbu zake yenyewe. Nawaelewa wote wawili. Lakini naona ubishi huo unagombania ujumbe, ilhali mambo yote ya maana hutokea kabla ujumbe haujatumwa.

Marekani haina daftari moja la ardhi la taifa zima. Katika majimbo mengi kumbukumbu ziko mikononi mwa kaunti, na nchi ina kaunti zaidi ya 3,000, kila moja na taratibu zake. Ofisi hizo hazitoi umiliki wala haziuthibitishi. Zinapokea hati, zinatazama kama ina saini, kama ina muhuri wa mthibitishaji, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia saini, kama ada imelipwa, kisha zinaiingiza kwenye kumbukumbu ili kila mtu ahesabiwe kuwa amejulishwa. Karani akiona sura ya hati iko sawa, kwa kawaida hana mamlaka ya kuikataa eti kwa sababu moyo wake umesita.

Desemba 2008 gazeti la Daily News la New York liliamua kuupima udhaifu huo hadharani. Waandishi wake walitengeneza hati ya kuhamisha jengo la Empire State kwenda kampuni hewa. Shahidi kwenye hati alikuwa Fay Wray, mwigizaji wa filamu ya King Kong. Mthibitishaji alikuwa Willie Sutton, mwizi wa benki aliyevuma nchi nzima. Wote wawili walikuwa marehemu. Shughuli nzima ilichukua dakika kama 90, na gazeti likawa "mmiliki" wa mojawapo ya majengo maarufu kuliko yote duniani, kabla ya kulirudisha siku iliyofuata.

Kisa hicho kinachekesha, lakini mfumo huu haukubuniwa na wajinga. Karani akipewa mamlaka ya kuamua hati ipi ni ya kweli, tunakuwa na hakimu asiye na mahakama, asiye na mashahidi, na mwenye foleni mlangoni. Mauzo halali yatakwama pamoja na ya kitapeli. Watakaokwama wa kwanza ni wale ambao majina yao karani hajayazoea, na wazee wenye vitambulisho vilivyokwisha muda. Tena usajili wa haraka wenyewe ni ulinzi. Katika majimbo mengi, aliyenunua kwa nia njema na kuwahi kusajili ndiye anayesalimika mwenye nyumba anapoiuza mara mbili. Kila siku ya kuchelewa ni siku ya hatari kwa mnunuzi huyo.

Kuna jambo la pili ambalo watetezi wa mfumo husahau kulisema kwa sauti: kwa sheria za Marekani, hati iliyoghushiwa ni batili tangu mwanzo. Haihamishi chochote, hata kwa mtu aliyelipa pesa halali bila kujua. Kwa hiyo tapeli, kwa maana ya kisheria, haibi nyumba. Anachopata ni karatasi iliyosajiliwa, na kwa karatasi hiyo anaweza kukopa, kupangisha, au kumuuzia kwa bei ya kutupa mtu asiyeuliza maswali. Mwenye nyumba halisi anabaki na haki yake na mzigo wa kwenda mahakamani kuidai: wakili, miezi ya kusubiri, na nyumba isiyouzika wala kukopeka wakati wote huo.

Hapo ndipo arifa inapata thamani yake, na kwangu thamani hiyo si ndogo. Mtu anayegundua baada ya siku mbili anapambana na mtu mmoja, tapeli. Anayegundua baada ya miaka miwili anamkuta mkopeshaji anayedai rehani, mnunuzi anayelia kwamba naye katapeliwa, mpangaji mwenye mkataba mkononi, na ankara za kodi ya nyumba ambazo muda wote zilikuwa zinakwenda anwani nyingine. Ushahidi nao huwa umepoa. Katika kesi ya Graceland, makazi ya Elvis Presley kule Memphis, kampuni iliyojiita Naussany Investments ilitaka kupiga nyumba hiyo mnada mwaka 2024 kwa madai ya mkopo wa Lisa Marie Presley, binti marehemu wa Elvis. Mthibitishaji ambaye jina lake lilikuwa kwenye hati alipatikana, akaapa kwamba hajawahi kukutana na marehemu huyo wala kuthibitisha saini yake. Mahakama ikasimamisha mnada mwezi Mei, na mwanamke aliyepanga njama hiyo alikiri kosa mwaka 2025. Lakini ile ni familia yenye mawakili. Mjane anayeishi peke yake anahitaji kujua mapema zaidi, kwa sababu ana nguvu ndogo zaidi ya kupigana.

Tatizo la arifa ya Kimarekani ni saa inayofika. Hati inapokewa, inasajiliwa, inaingizwa kwenye faharasa, ndipo ujumbe unatoka. Linganisha na Uingereza. Mamlaka ya ardhi ya Uingereza na Wales, HM Land Registry, ilianzisha huduma yake ya bure mwaka 2014. Mtu anaruhusiwa kufuatilia nyumba hadi 10, hata zisizo zake, kwa mfano ya mzazi mzee. Muhimu zaidi, ujumbe unakuja ombi linapopokewa, au wakili anapofanya upekuzi rasmi wa kutayarisha mauzo, yaani daftari likiwa bado halijabadilika. Ukipiga simu asubuhi hiyo, kuna kitu cha kusimamisha.

Waingereza walikuwa na sababu ya kuwahi. Kwao daftari ndilo linaloamua nani mmiliki, kwa hiyo uhamisho wa kughushi ukishasajiliwa, jina la mgeni linakuwa na nguvu ya kisheria mpaka daftari lirekebishwe. Mwaka 2021 huko Luton, mwenye nyumba mmoja aliyekuwa mbali kikazi alipigiwa simu na majirani: taa zinawaka, kuna watu ndani. Alipofika alikuta nyumba imeuzwa. Arifa iliyowafikia watu wengine kwa baruapepe, yeye aliipata kwa majirani, ikiwa imechelewa. Pia wamiliki wa huko wanaweza kuomba kizuizi kinachodai wakili athibitishe utambulisho wa muuzaji kabla ya usajili, na kwa mtu binafsi asiyeishi kwenye nyumba yake kizuizi hicho hakina malipo. Hicho ndicho kifaa chenye meno. Na anayepata hasara kwa kosa la daftari anaweza kulipwa fidia na mamlaka yenyewe, jambo ambalo ofisi ya kaunti ya Marekani haina desturi nalo.

Turudi Marekani, kwenye suala la majina. Faharasa nyingi za kaunti zimepangwa kwa jina la anayetoa na anayepokea, kwa hiyo arifa nayo hufuata jina. Mwenye jina lililozoeleka atapokea ujumbe wa hati za watu asiowajua mpaka achoke kuusoma. Aliyeandikisha jina bila herufi ya katikati anaweza kupitwa na hati yenye herufi hiyo. Nyumba iliyo chini ya kampuni au amana ya familia haitaonekana ukiandikisha jina lako peke yake. Watetezi husema tapeli akikosea jina la mmiliki, hati yake haiungi na mnyororo wa umiliki, yaani mfululizo wa hati kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine, na mpekuzi makini hataiona. Ni kweli, ila mpangaji anayeoneshwa karatasi yenye muhuri wa kaunti si mpekuzi makini.

Kuna watu ambao arifa haiwafikii kabisa. Wa kwanza ni marehemu. Philadelphia ina nyumba nyingi ambazo jina kwenye kumbukumbu ni la bibi au babu aliyefariki zamani na familia haikufungua mirathi. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2021 ulizihesabu kuwa zaidi ya 10,000. Matapeli huzipenda, kwani aliyekufa haji kukanusha saini. Mrithi anayeishi humo anaweza kuandikisha jina la marehemu, lakini nani amemwambia?

Wa pili ni waliosaini wenyewe. Visa vingi vya wizi wa nyumba huko Brooklyn na Queens, sehemu za jiji la New York, havina saini ya kughushi: mtu aliyelemewa na rehani anaambiwa asaini makaratasi ya kupunguziwa mkopo, na katikati ya makaratasi hayo kuna hati ya kuhamisha nyumba. Hapa sheria ni kali kwake, kwa sababu mara nyingi hati ya namna hiyo si batili moja kwa moja. Inaweza kubatilishwa, na mnunuzi aliyenunua bila kujua anaweza kulindwa. Ujumbe ukija, mwenye nyumba anajiambia, naam, nilisaini juzi. Mwaka 2024 New York iliingiza wizi wa hati za nyumba katika makosa ya wizi mkubwa, na nadhani sheria hiyo itawasaidia watu hawa kuliko arifa.

Viwanja vitupu ni habari nyingine. Tapeli anajifanya mmiliki, anamtafuta dalali kwa simu, anakataa kuonana uso kwa uso, anataka mauzo ya haraka ya pesa taslimu. Arifa inapotoka, pesa zimeshaondoka. Mmiliki halisi atapona, mnunuzi ndiye atakayelia.

Kuhusu kampuni zinazotoza ada ya kila mwezi kwa kile zinachokiita "kufuli" la hati, sina mengi. FTC, tume ya serikali kuu inayolinda watumiaji, imekwisha kuonya kwamba kufuli hilo halifungi chochote. Ni ufuatiliaji uleule ambao kaunti nyingi hutoa bure. Mwenye pesa ya kutumia aulize kuhusu bima ya umiliki. Ile ya kawaida hufunika kasoro zilizokuwepo kabla ya siku ya kununua, lakini ipo aina pana inayofunika hata kughushiwa baada ya hapo.

Je, ofisi zenyewe zingefanya nini zaidi? Kaunti ya Los Angeles haisubiri mtu ajiandikishe. Hutuma nakala ya hati kwa posta kwa mmiliki. Kwa wazee wasiotumia intaneti, barua hiyo ina thamani kuliko programu yoyote ya simu. California inamtaka mthibitishaji achukue alama ya kidole gumba cha anayesaini hati ya nyumba, na polisi wanajua alama hiyo inavyowasaidia. Sheria ileile ya Florida iliruhusu kaunti ya Lee kujaribu kudai kitambulisho chenye picha kabla ya kusajili. Vitambulisho navyo hughushiwa, sikatai. Lakini mtu anayelazimika kukabidhi kitambulisho anaacha alama ambayo hati iliyoletwa kwa bahasha ya posta haiachi.

Ningependa zaidi Wamarekani waige ile saa ya Kiingereza. Hati ipokewe, igongwe muhuri wa saa ili nafasi yake kwenye foleni isipotee, ujumbe na barua vitoke siku hiyohiyo, kisha usajili usubiri kidogo, tuseme siku tano. Isiwe kwa hati zote. Mauzo yaliyopitia kampuni ya bima ya umiliki yamekwisha kuchunguzwa na mtu atakayepata hasara akikosea. Zisubirishwe zile hati za kuachia haki zinazoletwa bila bei, bila bima, na mtu asiyejulikana.

Pingamizi zito ni la familia: mama mgonjwa anampa mwanawe nyumba, na siku tano ni nyingi kwa mgonjwa. Lakini zawadi hiyo haifi kwa kuchelewa usajili. Kisheria nyumba imehama pale hati iliposainiwa na kukabidhiwa, na nafasi ya kijana kwenye foleni imeshikwa na muhuri wa saa. Anayeumizwa na siku hizo tano ni mtu anayetaka kukopea wiki hii nyumba aliyoipata wiki hii, na huyo sioni ubaya akingoja.