Kuku wa Mikindani na Soli Yangu

Aliyeona kwanza ni mwalimu, yule niliyemtoa mtoko wa kwanza siku hiyo. Tumeshateremka daladala Mikindani, tumetembea hatua kama mia hivi kando ya bahari, mimi namweleza habari za nyumba za mawe, yeye kageuka nyuma kaniuliza, "Kaka, mbona kuku wanatufuata?"

Nikageuka. Kweli bwana. Mitetea minne na jogoo mmoja, wamejipanga kama wakulima kwenye foleni ya malipo ya korosho, wanadonoa njia nzima. Wanachodonoa ni vijipande vyeusi, kimoja kama punje ya karanga iliyoungua. Nikatazama vizuri: kila palipo na unyayo pana kijipande, na nyayo zenyewe ni zangu.

"Kuku wa huku wachokozi," nikasema, nikakaza mwendo.

Nguo nilizovaa siku ile hazikuwa za kubahatisha. Nauza mitumba ya kiume Mtwara mjini, na nusu ya kazi yangu ni kuwashauri vijana wanaokwenda mtoko wa kwanza. Ushauri wangu ni mmoja: usimeremete. Shati lenye maandishi kifuani na mkanda wenye chuma kikubwa kama kitasa vinapitwa na wakati kabla ya msimu mwingine wa korosho. Shati jeupe, suruali ya kijivu iliyokukaa, kiatu cha ngozi cha kahawia: babu yako angependeza navyo na mjukuu wako atapendeza navyo. Nilijipangia shilingi 30,000 na hesabu ilitimia bila kubaki hata senti. Ugumu wake ni kwamba uonekane hukuhangaika, na kutohangaika huko kulinichukua siku tisa.

Shati 6,000. Nililiwahi asubuhi belo linapofunguliwa. Lebo ilikuwa imekatwa, na lebo ikikatwa unachomoa uzi mmoja ndani ya pindo unauchoma. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukinuka nywele, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, na ukiivaa pwani ya kusini mwezi wa kwanza utaiva mwenyewe. Nyeupe niliichagua makusudi, kwa sababu kipindi cha kaskazi jasho letu halina aibu, na buluu mpauko inatangaza kwapa kuliko redio. Halafu bega. Mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno fundi atakibana, mikono ataifupisha, ila bega likizidi liache hapohapo mezani, maana kulirekebisha ni sawa na kulishona shati upya.

Lile langu lilikuwa bei ya chini kwa sababu kola imelika kwenye mkunjo. Wateja wengi hapo hulitupa. Mimi nilimpa fundi atengue kola inapoingia kwenye utepe wa shingo, aigeuze upande wa chini uje juu, airudishe. Elfu moja tu. Ila kagua kwanza: mashati mengine chini ya kola yana vifuko vya vijiti vya kunyooshea ncha, na ukigeuza vifuko vinakuja juu, watu wanakuuliza umebeba hirizi gani.

Kola iliyogeuzwa inalegea, basi ikataka wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo, koroga na robo kikombe ya maji baridi mpaka ulainike, ndipo umimine nusu lita ya maji yanayochemka huku mwiko hautulii. Ukianza na maji ya moto unapata madonge. Chovya kola na ncha za mikono, si shati zima, na upige pasi kukiwa bado na unyevu. Kazi hiyo niliifanya saa tano usiku, uani, kifua wazi kwa ajili ya joto, nimeinamia sufuria inayofuka. Jirani akafungua dirisha.

"Wewe, unafanya nini saa hizi?"

"Wanga."

Akafunga dirisha. Mpaka leo salamu yake anaitupa kwa mbali, na mtoto wake hatumwi tena kwangu.

Suruali 8,000, sufu nyepesi, kiuno inchi 36 na mimi ni 34. Inchi mbili kwenye mshono wa nyuma ndiyo mwisho. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma inaanza kubusiana. Fundi elfu mbili. Urefu nikamwambia pindo liguse kiatu, lisikilalie. Sufu haipigwi pasi ya mkaa moja kwa moja: unatandika kitambaa cha pamba kilichoroweshwa na kukamuliwa, pasi inapita juu yake. Bila hivyo inang'aa makalioni kama sufuria mpya. Uzi na vifungo elfu moja, mkanda wa kahawia usio na mbwembwe elfu mbili. Jumla mpaka hapo 20,000.

Zikabaki 10,000 za viatu, na viatu si fani yangu. Mwenzangu wa meza ya jirani, anayeuza viatu, alikuwa anahamia Masasi, akaniachia pea mbili kwa 25,000. Ngozi nzito, kahawia iliyoiva, kamba nyembamba, kiatu cha mtu mzima. Namba 42 nikajiwekea. Namba 44 nikamuuzia mzee mmoja Jumatano kwa 15,000, baada ya kumwapia kwamba hivi, mzee wangu, utawarithisha wajukuu. Kwa hiyo changu kikanigharimu kumi kamili. Nilijiona profesa.

Tena kilichonifurahisha ni kwamba kwenye vidole hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Hakijavaliwa! Nikapaka dawa mara mbili, nikasugua kwa soksi kuukuu mpaka nikaona meno yangu. Soli sikuigeuza kuitazama. Mtu gani anatazama soli?

Turudi Mikindani. Mguu wa kushoto ukaanza kuwa mfupi. Mwanzo nikadhani ni barabara, nikahamia upande wa pili, ukabaki mfupi. Nikawa natembea kama dau lililopakia upande mmoja. Mwalimu akauliza kama nimeumia, nikasema ni mpira wa Jumapili. Mimi sichezi mpira.

Tulikuwa tunaelekea Boma, lile lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Mpango ulikuwa soda mbili juu kule, jua linazama, ghuba mbele yetu, mimi nimekaa kwa utulivu na kola yangu. Nikaendelea kujitia mwongozaji wa watalii: hapa ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866. Kabla sijamaliza sentensi kisigino cha kushoto kikabaki nyuma. Kizima. Kikasimama peke yake katikati ya njia kama andazi lililosahaulika. Jogoo ndiye aliyekifikia kwanza.

Livingstone alifika mbali kuliko mimi.

Tukakaa barazani kwa mzee mmoja. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kaeni, kaeni." Nikavua kiatu nikakigeuza, na hapo ndipo nilipoona soli yangu kwa mara ya kwanza. Ganda jembamba la chini lilikuwa limening'inia mbele kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Juu ya ganda hilo, mahali pa soli, palikuwa na kitu mfano wa keki ya wiki mbili: ukikigusa kinamung'unyika, ukikisugua kwa vidole kinageuka unga, na unga wenyewe unanata.

Nikamtuma mtoto supagluu dukani. Nikapaka, nikabana, nikahesabu mpaka sitini. Gundi ilishika vizuri sana. Ilishika unga. Nilipoachia, ganda likatoka na tabaka zima la unga, na kidole changu cha shahada kikabaki kimegandamana na kiatu. Sasa piga picha: shati jeupe, kola ya wanga imesimama, suruali ya kijivu mkunjo kama wembe, na mkono mmoja umevaa kiatu. Mwalimu akaomba maji ya uvuguvugu na sabuni ndani, akanibandua taratibu huku midomo ameibana. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mzee akachukua kiatu, akakipeleka karibu na jicho.

"Kijana, hii haijachanika. Hii imekwisha."

Yule mzee hakusomea kemia, lakini fundi viatu niliyempelekea Jumatatu alinieleza vilevile kwa maneno marefu zaidi. Soli ile si mpira wala si ngozi. Ni povu la poliyurethani, plastiki iliyoumuliwa kama mkate ili iwe nyepesi na laini. Plastiki ya jamii hiyo ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937, na adui yake ni unyevu. Hewa yenye maji inaingia ndani ya povu na kukatakata minyororo iliyolishikilia, polepole, hata kiatu kikiwa kabatini hakijaguswa. Kwa nje hakioneshi kitu. Miaka ikipita unakivaa siku moja, uzito unakikuta ndani hakuna kilichobaki. Kiatu changu hakikuwa na mkunjo kwa sababu kimelala kwa mtu Ulaya miaka mingi, kikalala kwenye kontena, kikalala sandarusini, kisha kikaletwa Mtwara kumaliziwa na upepo wa bahari. Ule uzuri wake ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Boma la Wajerumani lina zaidi ya miaka mia moja na bado limesimama, na povu lao halikunifikisha mlangoni pake.

Kutambua ni kazi ya nusu dakika, ndiyo inayoniuma. Unakigeuza kiatu. Soli iliyofinyangwa kipande kimoja, kisigino na wayo bila kiungo, nyepesi kuliko inavyoonekana, bila mshono pembeni: itilie shaka. Kandamiza ukucha kwenye kisigino. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au kukiwa na utelezi wa kunata, rudisha mezani. Kikunje kwa nguvu usikilize, kikilia kwa kupasuka kimeshaanza. Mpira halisi ni mzito na unarudi kama ulivyokuwa. Ngozi unaiona kingo zake na mshono wake. Na ukikuta ngozi ya juu nzima, si lazima utupe: fundi anakwangua povu lote mpaka lisibaki hata chembe, anaweka mpira au tairi, anashona kwa mkono. Changu kilishonwa kwa 12,000, sasa kina kilo yake lakini kinatembea.

Yule mzee wa baraza akaniazima kandambili. Moja ya buluu, moja ya kijani, na zote mbili ni za mguu wa kushoto. Nikapanda Boma nazo. Mhudumu alinitazama kuanzia kola akishuka, na nilijua hasa ni sentimita ipi macho yake yatakapokwama. Mwalimu akaagiza juisi ya ukwaju, mimi nikaficha miguu chini ya kiti, ghuba ikawa ya dhahabu kama nilivyopanga.

"Suruali imekukaa," akasema.

Nikanyooka. Nikaanza kumweleza habari ya mshono wa nyuma na inchi mbili.

"Ila viatu," akanikatisha, "mjomba wangu naye kanunua kama vile vile juzi Jumatano. Anasema kijana wa sokoni kamwapia atawarithisha wajukuu."

Juisi ya ukwaju ikinywewa vibaya inapanda puani. Nilikuwa nakunywa soda, ikapanda pia.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa huyo mjomba, Magomeni ya Mtwara, nimebeba 15,000 mfukoni. Mzee akanikaribisha, akaitisha chai na mihogo. Nikamuuliza viatu ameshavivaa? La, anavitunza, kuna ndoa ya mwanawe mwezi ujao na yeye ndiye atakayeozesha. Amevifungaje? Akatabasamu kama mtu mwenye akili: amevifunga kwenye nailoni mbili, akakaza fundo, akaviweka chini ya uvungu, karibu na mtungi wa maji, pabaridi.

Nikamwambia mzee wangu, nimekuja kuvirudisha, vinaoza, hii hapa hela yako yote. Akaitazama hela. Akanitazama mimi. Akatazama kandambili zangu, maana vyangu vilikuwa vinasubiri kwenda kwa fundi.

"Vinaoza," akasema.

"Vinaoza, mzee."

"Na wewe mfanyabiashara umefunga safari Jumapili, kuja kununua kilichooza."

"Nakurudishia hela yako tu, mzee."

Akamega muhogo, akatafuna bila haraka. "Ishirini na tano."

Nikaapa. Akasema viapo vyangu anavijua. Nikaeleza kisigino, unga, supagluu, kuku wa Mikindani. Alicheka sana kwenye kuku, akamwita mkewe nirudie. Nikarudia. Tukashuka mpaka ishirini, nikaongeza tano yangu, akaingia ndani akavileta vikiwa ndani ya nailoni zake mbili. Sikufungua. Nilipofika barabarani nikausikia mfuko, kila hatua, unachakarika chini kama una mchanga.