Akiba ya uzeeni Kigoma: kati ya mshahara na giza la mwezi

Kila maofisa wa hifadhi ya jamii wanapokuja Kigoma kuandikisha wachangiaji wa hiari, swali huwa lile lile: mtu wa kipato kidogo atanufaika nini na pesa ya kuisubiri mpaka afike miaka 60?

Kwa aliyeajiriwa sina ubishi. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hupokea asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake hutoka kwa mwajiri. Makato yake hutolewa kabla ya kodi, hivyo aliye ngazi ya juu ya kodi ya mshahara huokoa hadi shilingi 30 katika kila 100 anazochangia. Anayelipwa chini ya 270,000 kwa mwezi hana kodi ya kuokoa, ila mchango wa mwajiri anaupata.

Mvutano uko Kibirizi, mwalo wa Kigoma wanakoshushia samaki. Jirani yangu hununua dagaa mwaloni alfajiri, akawaanika kichanjani, jioni akawajaza kwenye magunia. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hulala ufukweni naye hana cha kuanika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi ile mitatu alikula mtaji. Mtaji ule ungekuwa umefungiwa kwenye mfuko wa pensheni, angeangukia kwa wakopeshaji wa mtaani. Ndiyo maana sikubali aambiwe tu kwamba hana nidhamu ya pesa.

Wanaoutetea mfuko nao wana hoja nzito. Mchangiaji wa hiari anaweza kulipa kwa siku, kwa wiki au kwa msimu, na akitimiza michango ya miezi 180 pamoja na umri, hulipwa pensheni hadi mwisho wa maisha. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hugawana mwisho wa mwaka na hesabu inaanza upya. Mwenye shamba ana kinga nyingine: michikichi ya mbegu ya kisasa ya Tenera huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na huendelea kwa miaka mingi. Mchuuzi wa mwaloni hana hata shina moja.

Kwangu mimi, tunakosea tunapoangalia kiasi cha pesa tukasahau inaingia lini. Mama ntilie wa stesheni, mwenye faida ndogo ya kila siku, yuko tayari kuchangia kuliko mwenye mtumbwi anayeshika malaki kwa wiki mbili kisha akakaa. Huyu wa pili aanze na akiba ya kufungwa kwa ziwa, mahali pa kuichukua akiihitaji. Vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa mfano, huuzwa na pesa hupatikana ndani ya siku chache. Pensheni ifuate.

Lakini isichelewe. Jirani yangu ana miaka 43. Akitumia miwili kujenga akiba hiyo kwanza, miezi 180 itatimia akiwa na 60 kamili, tena asipokosa hata mwezi mmoja.