Tunagombania baga, jero ya asubuhi hatuioni

Hapa Leicester, Uingereza, mama akikutana na mama mwenzake wa shuleni kwenye foleni ya McDonald's siku ya Jumamosi, hata salamu haijakamilika ameshaanza kujitetea. Mmoja atasema wametoka kuogelea na mtoto alikuwa analia njaa. Mwenzake atasema ni leo tu, kwa kawaida nyumbani wanakula mboga. Wote wawili wanajua si leo tu. Dodoma mama huyohuyo angempangusa mtoto mdomo, akampiga picha, akaiweka status kabla chipsi hazijapoa, na jioni Nkuhungu nzima ingekuwa imeshajua walikula wapi.

Chakula ni kilekile: mkate laini, nyama ya kusaga au kuku wa kisasa aliyepakwa unga, chipsi, soda yenye barafu. Huku kinaliwa kwa aibu, kwetu kinaliwa kwa fahari.

Nimekaa huku vya kutosha kuielewa hiyo aibu. Mtoto hupimwa uzito na urefu shuleni mara mbili, anapoanza na anapokaribia kumaliza shule ya msingi. Kati ya wanaokaribia kumaliza, zaidi ya theluthi wamezidi uzito, na kwenye mitaa ya watu maskini watoto wanene kupita kiasi ni zaidi ya mara mbili ya wale wa mitaa yenye nafuu. Kwa hiyo baga imekuwa alama ya mtu wa chini. Ukionekana pale kila mara, hakuna atakayesema una hela. Watasema hujui kulea.

Lakini ingia pale jioni ya Januari, saa kumi na moja, giza limeshatanda, ndipo utaelewa kwa nini wazazi wanakwenda na aibu yao hivyohivyo. Kuna joto. Kuna kiti kirefu cha mtoto mdogo, kuna choo chenye meza ya kubadilishia nepi, na mtoto akimwaga soda hakuna anayekutolea macho. Mimi natunza wazee, zamu za usiku, boksi kama tunavyoliita wenyewe. Kuna siku, kati ya kumchukua mtoto shule na kuvaa sare ya kazi, nabaki na muda mfupi sana, na huku hakuna bibi, hakuna dada wa kazi, hakuna jirani wa kumwambia nishikie huyu nisonge ugali. Kwa kama pauni nne mtoto anapata boksi lenye chakula na mdoli ndani, mzazi anapata dakika ishirini za kukaa chini. Boksi hilo walianza kuliuza Marekani mwaka 1979, na tangu mwanzo mteja wake hasa ni mzazi aliyechoka. Madiwani wa San Francisco walipitisha sheria mwaka 2010 kuzuia midoli ya bure kwenye milo ya watoto isiyotimiza viwango vya lishe. Sheria ilipoanza kutumika Desemba 2011, McDonald's wakaanza kutoza senti kumi kwa mdoli. Senti kumi tu, na madiwani wakawa wameshapigwa chenga.

Sasa Dodoma. Fahari ya kwetu nayo ina chanzo chake, na huwa inaniudhi ndugu zetu wa ughaibuni wanaporudi likizo, wakakaa Area D kwenye kiti cha plastiki, wakaanza kuhubiri kolesteroli kwa watu waliokuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda. Hao hao ukiwafuatilia huku, friji zao zimejaa kuku wa kugandishwa. Bibi yangu alilelewa na watu walionusurika Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mvua ya kwetu ina msimu mmoja, na ikikosea mwaka huo kila nyumba inajua. Kwa mtu wa namna hiyo mtoto mwenye mashavu ni dua iliyojibiwa. Wala hofu yake haijapitwa na wakati: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Nenda kamwambie bibi mjukuu apunguzwe mafuta.

Na mji wenyewe si ule tuliouacha. Serikali ilipohamia kwa vitendo baada ya 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, wafanyakazi wa wizara walikuja na watoto waliozoea Dar, na migahawa ikawafuata. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, watoto wa mtaani kwetu wanapelekwa Dar wikiendi na kurudi na mfuko wa KFC wameukunja vizuri kama cheti. Asiyepelekwa anajiona kaachwa nyuma, na mzazi wake analiona hilo usoni mwake kila siku. Mpwa wangu aliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku tunakula McDonald's tunavyotaka. Kwa kuwa haijafika Tanzania, kwake ni kitu cha kwenye katuni. Nilimjibu ndiyo, tunakula, na kwamba chipsi za pale Makole ni tamu zaidi. Hakuniamini.

Kwenye kundi letu la familia jambo hili lilizuka upya majuzi, baada ya mtoto mmoja kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa kwenye mgahawa wa kuku na baga. Shangazi mmoja akaandika hongera, mtoto anakula maisha. Mwingine akauliza kwa nini hawakuchinja jogoo nyumbani, ndugu wote wakala. Mama mdogo wa Kongwa akatuma alama ya kucheka tu, na kwa ninavyomjua hayo ni matusi. Mjomba akasema chakula cha kizungu kinaua, huku sote tukijua yeye ndiye anayebeba watoto kwenda baa ya nyama choma, mpaka usiku wanalala juu ya meza kando ya chupa. Kisha wakanigeukia mimi niliye Ulaya nitoe hukumu.

Hukumu yangu ni kwamba mpelekeni. Siku ya kuzaliwa, mwisho wa mwezi, hela ikiwepo, mpelekeni, kaeni naye, simu wekeni mbali. Nina ombi moja tu: msiifanye baga kuwa mshahara wa kushika namba moja darasani. Mtoto akisikia kila mara kwamba akifaulu atapelekwa kula baga, na kwamba leo tunakula mlenda kwa sababu hela hamna, ameshajua chakula kipi ni cha washindi. Atakapoanza kushika hela yake mwenyewe hatahitaji tangazo la mtu.

Ila hata hilo si kubwa. Kinachonishangaza ni kwamba tunatoana macho kwa mlo wa mara moja kwa mwezi, na Jumatatu yake mtoto huyohuyo anatoka nyumbani hajagusa hata chai, mkononi ana jero, shilingi mia tano. Hiyo jero hakuna shangazi aliyewahi kuiandikia neno kwenye kundi.

Nendeni mkasimame getini pa shule yoyote saa nne, kengele ya mapumziko ikilia. Kuna kabati la kioo la chipsi, mafuta yake yamekuwa meusi kwa kurudiwa, na hapa ndipo huwa nachoka kabisa, maana Dodoma na Singida ndiko kwenyewe kwa alizeti na mafuta yanakamuliwa kando ya barabara. Kuna sosi nyekundu kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kizibo. Kuna barafu za rangi, krispi, kashata, bagia, mihogo ya kukaanga. Kuna ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi mpaka ulimi unabaki mwekundu siku nzima, kwenye mkoa wenye mibuyu ambayo unga wake tungeweza kuukoroga kwenye uji bila kununua chochote. Mtoto wa darasa la pili anasimama pale na jero yake, hana mzazi, hana mwalimu, ana sekunde chache za kuchagua. Atachagua nini?

Pigeni hesabu. Jero kwa siku ishirini za shule ni elfu kumi. Hiyo haiko mbali na bei ya mlo wa mtoto mgahawani, ule uliotugombanisha, tofauti ni kwamba hii tunailipa kila mwezi bila picha.

Waingereza hawajashinda vita hii, nisije nikawapamba. Lakini wameliona geti. Chakula cha shule hapa kina kanuni: vya kukaanga kwa mafuta mengi visizidi mara mbili kwa wiki, soda hairuhusiwi, maji ya kunywa yawepo bure. Wanangu hungoja Ijumaa kwa ajili ya samaki na chipsi, siku nyingine wanakula wanachopakuliwa na kunung'unika. Madarasa matatu ya mwanzo wanakula bure wote, tangu Septemba 2014, mtoto wa daktari na mtoto wa mbeba boksi kwenye meza moja. Na London, mpango wa jiji wa mwaka 2021 unazuia duka jipya la chakula cha moto cha kubeba lisifunguliwe ndani ya mwendo wa mita 400 kutoka shuleni. Yaliyokuwepo zamani yamebaki, na saa tisa alasiri bado unayakuta yamejaa sare za shule. Hata hivyo wamekubali kwamba mtoto akiachwa peke yake mbele ya mafuta ya moto atashindwa, kwa hiyo wanasogeza mafuta.

Kwetu, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, chakula cha mchana cha shule ya kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi. Pale walipokubaliana, kila nyumba inapeleka mahindi na maharage, watoto wanakula makande au uji. Pale waliposhindwana, linabaki geti.

Nilimweleza haya dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, nikidhani atanipongeza. Akaniuliza kama ninajua yule mama anayeuza mihogo getini kwao ana watoto watatu kwenye shule hiyohiyo, na sare zao zinatoka kwenye lile karai. Ukimfukuza mita 400, akasema, umewafukuza na watoto wake. Hapo alinibana. Nikamwambia basi asifukuzwe, aajiriwe: wazazi wachange hizo jero asubuhi, mama huyo apike uji wa uwele wenye karanga, saa nne kila mtoto ashike kikombe, na anayetaka mihogo baadaye ainunue akiwa ameshiba. Dada alicheka sana. Alisema wazazi watasema mwalimu anakula hela zao, kwa hiyo daftari la michango lishikwe na mzazi, tena mama, tena asiwe ndugu wa mwenyekiti.

Amekubali kulipeleka kwenye kikao cha wazazi shule zikifunguliwa Januari. Aliongeza kwamba sisi wa Ulaya maneno hayatugharimu kitu, na wao kinachowakwamisha ni sufuria la kupikia watu mia nne. Nimemwambia apite soko la Majengo aniulizie bei.