Mpe mtoto sumaku, halafu usimpe jibu

Mzazi wa Dodoma hana sababu ya kungoja maabara ya shule ndipo mwanawe aijue sumaku. Pita kwa fundi redio yeyote, muulizie spika iliyokufa. Mgongoni mwake kuna sumaku nyeusi ya duara, nene, yenye tundu katikati, ambayo mtoto hawezi kuimeza.

Mimi ningeanza na mchanga. Mvua zikikatika na makorongo yakikauka, shukeni pamoja, izungushieni sumaku karatasi, kisha ipitisheni mchangani taratibu. Mara nyingi itatoka na ndevu nyeusi. Hiyo ni magnetiti, madini ya chuma yaliyomo kwenye miamba ya vilima vyetu. Mvua huyasomba mwamba unapochakaa. Karatasi msiisahau, maana punje zikishang'ang'ania sumaku yenyewe kuzitoa ni kazi. Mkifika nyumbani zimwage juu ya karatasi nyingine na kupitisha sumaku kwa chini. Zinasimama, zinajipanga, zinaifuata. Ukurasa wa kitabu hauwezi kumwonyesha mtoto jambo hilo.

Kisha jikoni. Sufuria ya alumini, kizibo cha soda, msumari, kijiko, sarafu, pete ya mama. Kabla ya kugusisha chochote, mtoto aseme kipi kitanasa. Wengi huamini kila kinachong'aa kitavutwa, kumbe sufuria haitikisiki na kizibo kinarukia. Hapo ndipo wazazi tunapoharibu: tunakimbilia kueleza. Tunyamaze! Ajaribu vijiko vyote vya nyumba nzima, agundue kwamba baadhi vinanasa na vingine havinasi ingawa vinafanana. Akishachoka kubahatisha, ndipo aambiwe kwamba sumaku huvuta chuma, nikeli na kobalti, na kwamba vijiko havikuchanganywa madini kwa namna moja.

Dira nayo ni rahisi. Sugua sindano kwa sumaku mara 30 hivi, kuelekea upande mmoja tu, uilaze juu ya jani kavu linaloelea kwenye beseni la plastiki. Itageuka na kutulia kaskazini na kusini. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert alieleza sababu: dunia yenyewe ni sumaku.

Kitu kimoja nakipinga kabisa, nacho ni zile gololi ndogo za sumaku kali zinazouzwa kama vichezeo. Mtoto akimeza mbili, huvutana zikiwa ndani na kubana utumbo katikati hadi unatoboka. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe nazo, na aliyemeza apelekwe hospitali saa ileile hata kama halii.

Kwa walio wakubwa kidogo, wazungushie msumari waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, wakwangue ncha zake na kuziunganisha na betri moja ya redio. Pini zitanasa, wakiachia waya, zitadondoka. Waya hupata moto haraka, kwa hiyo iwe kwa sekunde chache, na soketi ya ukutani isiguswe kamwe. Mota za treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, inayoleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu 2024, nazo huzunguka kwa sumaku inayotokana na umeme. Mkiipanda, muulize mtoto kwanza anadhani nini kinazungusha yale magurudumu.