Zulia la kijani halitaki taa kali zaidi

Katika picha za matangi ya mimea, yaani yale matangi ya kioo ya samaki yaliyopandwa mimea ya majini, jicho hutua kwanza kwenye zulia: sakafu ya kijani kibichi inayoanzia kwenye kioo cha mbele na kupanda taratibu hadi nyuma ya mawe. Mtu akishaliona, mchanga mtupu haumpendezi tena. Anatafuta mimea, anaipanda, baada ya muda majani yanageuka manjano, na ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja: ongeza taa. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Zulia likikwama, tatizo kwa kawaida ni kaboni, na taa kali hulizidisha.

Mwanga ndio unaouamuru mmea ufanye kazi. Ukiuongeza, mmea unadai kaboni dioksidi zaidi na madini zaidi ili usanisinuru uende sambamba. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu gesi hiyo husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani. Jani linaweza kuwa limezungukwa na maji na bado likafa njaa ya kaboni. Mmea uliodhoofika hivyo hauchukui muda kufunikwa na mwani, na mwani hauna makuu. Unaridhika na kidogo. Halafu mwenye tangi anaona nyuzi za kijani zimetanda juu ya mimea yake, anadhani ni uchafu wa maji, kumbe taa inawaka kutwa nzima.

Kwa tangi jipya, taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, basi. Iendeshwe na taima ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Kama unatumia mtungi wa kaboni dioksidi, ufungue saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka na uufunge taa zinapozimwa, maana gizani mimea haiitumii. Wengi hulenga takriban miligramu 30 kwa lita, na kile kichupa cha kipimo kinachoning'inia ndani ya tangi kinatakiwa kiwe kijani: kikiwa buluu gesi ni chache, kikiwa manjano imezidi. Hata hivyo samaki ndio wa kuaminiwa zaidi. Wakianza kuhemea juu ya maji, funga gesi na utikise uso wa maji, hata kama kipimo kinakwambia mambo ni shwari.

Sasa kuvumwani, ile inayoitwa 'moss' kwa Kiingereza. Inaniuma kuiona ikichukuliwa kama mmea wa walioshindwa kuotesha zulia. Kuvumwani ya Java, Taxiphyllum barbieri, inaota kwenye mwanga hafifu, bila gesi ya ziada, bila udongo maalumu. Haina mizizi ya kweli wala mishipa ya kusafirishia maji. Inafyonza chakula kwa majani yake, na vile vinyuzi vyake vya kahawia ni vya kujishikiza tu kwenye jiwe au gogo. Ndiyo maana kuifukia mchangani ni kuipoteza.

Namna ya kuifunga ina maana kubwa kuliko taa yoyote. Ikate vipande vifupi, uitandaze juu ya jiwe kwa tabaka jembamba kiasi kwamba jiwe bado linaonekana kati yake, kisha uizungushie uzi au uibandike kwa matone machache ya gundi ya papo hapo. Watu huona tabaka hilo ni la kimaskini, wanarundika. Rundo likishakuwa nene, sehemu ya chini haipati mwanga wala maji yanayotembea. Inaoza, inaachia, na siku moja bonge zima linaelea. Ukiipanda nyembamba, isogelee uitazame baada ya wiki chache: kwenye ncha za matawi ya zamani yenye kijani kizito hutokeza vichipukizi vya kijani cheupe, karibu vinang'aa. Hivyo ndivyo vitakavyofunika jiwe.

Usiimiminie ovyo zile chupa zinazouzwa kwa jina la kaboni ya maji. Nyingi ni glutaraldehidi, kemikali inayotumika pia kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Inadhoofisha mwani, ndiyo, lakini kuvumwani na jamaa zake huweza kuungua nayo. Afadhali uduvi. Wale wanaoitwa kwa jina la Takashi Amano, Caridina multidentata, hutembea juu ya matawi kutwa nzima wakichokonoa mwani na mabaki ya chakula. Amano, Mjapani aliyeibadilisha kabisa sanaa ya matangi ya mimea, ndiye pia aliyeipa umaarufu Riccia, mmea unaoelea kwa asili, kwa kuufungia kwenye mawe uwe zulia. Unapendeza ajabu, ila hauna cha kujishikizia, hivyo ukichelewa kuukata unarudi juu ya maji.

Ukitaka zulia lenye mizizi, usianze na Hemianthus callitrichoides kwa sababu tu majani yake ni madogo kuliko yote. Huyo bila gesi ni mateso. Mmea uitwao Monte Carlo ni mvumilivu zaidi, na Marsilea hirsuta huenda polepole lakini huweza kuishi hata bila gesi ya ziada. Ujue pia kwamba mimea mingi ya dukani imeoteshwa hewani. Ikizamishwa, majani ya zamani huyeyuka, na wengi huing'oa papo hapo wakidhani imekufa. Angalia kwanza kwenye vifundo: kukiwa na jani dogo jipya, mmea uko hai na unajenga majani ya majini. Wengine hukwepa kipindi hicho kidogo kwa kuotesha zulia kwenye udongo mbichi usiofurikishwa, tangi likiwa limefunikwa kwa plastiki kwa wiki kadhaa, ili mizizi ishike wakati kaboni inatoka hewani bure. Naipenda njia hiyo kwa Monte Carlo. Ina adui mmoja, ukungu, kwa hiyo plastiki ifunguliwe kidogo kila siku.

Zulia likishafunga, chukua mkasi mapema, kabla hujaona haja. Likiachwa linenepe, tabaka la chini linakosa mwanga, mizizi inalegea, na zulia linabanduka kwa kipande kizima. Kata hadi libaki fupi kabisa, nyonya vipande vyote kwa mpira kabla havijaingia kwenye filta, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, na taa iache palepale ilipokuwa.