Teksi nyeusi za London zisiwe kisingizio cha kuvamia mwendokasi

Watanzania waliokaa Uingereza wana hoja wanayopenda kuirudia wakikwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro: London teksi inapita njia ya mabasi bila kuulizwa, basi na hapa Dar es Salaam teksi zenye leseni ziruhusiwe kupita njia ya mabasi ya mwendokasi. Kwamba London inafanya hivyo ni kweli, na mimi naona inafanya sawa. Ila sababu zinazoihalalisha kule ndizo hizohizo zinazoikataza hapa.

Madereva wa teksi nyeusi, yaani teksi rasmi za London, wakiulizwa kwa nini wapendelewe, wengi huanza na mtihani wao, maarufu kama Knowledge, uliokuwepo tangu 1865. Anayetaka leseni anakariri mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, kazi inayomchukua miaka mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Utawaona wanafunzi wakizunguka jiji na vipikipiki, karatasi ya njia imebanwa mbele ya usukani. Nawavulia kofia. Lakini kujua mitaa kwa moyo hakumpi mtu haki ya kuwapita wenzake kwenye foleni. Daktari bingwa kasoma miaka mingi kuliko hiyo na anakaa foleni kama sisi.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na ajabu ni kwamba hawaitaji sana. Teksi nyeusi ndilo gari pekee ambalo abiria wa London anaweza kulisimamisha kwa mkono barabarani. Magari ya kuagiza kwa simu, Uber ikiwemo, hayaruhusiwi kuokota abiria hivyo. Sasa tazama njia za mabasi za London zilivyo: nyingi zimechorwa pembeni, zikigusana na njia ya waenda kwa miguu. Ukiiondoa teksi humo, itakuwa katikati ya barabara huku abiria anapunga mkono ukingoni, na kati yao mabasi yanapita. Kazi yenyewe ya teksi imekufa hapo.

Halafu kuna mzigo wa masharti. Kila teksi nyeusi lazima iwe na nafasi na ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Nauli inapangwa na mamlaka na kusomwa kwenye mita, hakuna kupanda bei kwa sababu mvua imenyesha. Dereva akishakubali kusimama hana ruhusa ya kukataa safari ya ndani ya jiji isiyozidi maili 12, ati anakokwenda abiria hakumlipi. Teksi mtandao hazibanwi na mambo hayo. Kampuni kubwa ya magari ya kuagiza, Addison Lee, ililalamika kwamba inaonewa, na mwaka 2012 mwenyekiti wake akawaambia madereva waingie tu njia ya mabasi. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, na Januari 2015 majaji wakaona kwamba teksi nyeusi na magari hayo hayako katika hali moja kisheria, hivyo kuyatenganisha hakuonekani kuwa ruzuku ya kificho. Nami nakubaliana nao. Magari ya kuagiza London ni zaidi ya 80,000. Yafungulie yote na njia ya mabasi inakuwa jina tu.

Hata ada ya kuingia katikati ya jiji inafuata mantiki hiyohiyo. Aprili 2019 magari ya kuagiza yaliondolewa msamaha, isipokuwa yale yaliyosajiliwa kubeba viti vya magurudumu yakiwa kazini. Anayebeba mzigo ndiye anayepunguziwa.

Wala upendeleo huo si wa milele. Kwenye makutano ya barabara ya Bank, katikati ya London, kuanzia 2017 teksi zilizuiwa pamoja na magari mengine siku za kazi, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, zikabaki basi na baiskeli. Mwaka 2025 zikaruhusiwa tena kwa majaribio. Inaangaliwa barabara moja moja.

Turudi Dar. Njia ya mwendokasi iko katikati ya barabara, na abiria hupandia kwenye vituo vya humohumo katikati. Nani atasimamisha teksi pale? Teksi ikiingia humo haitaokota mtu. Itakuwa inakimbia foleni tu, kama pikipiki na magari ya wakubwa yanayojipenyeza kila jioni. Na teksi zetu, nisameheni mnaokaa vijiweni, hazina mita, nauli ni maelewano dirishani, na mwenye kiti cha magurudumu anabebwa mikononi kama furushi.

Kama tunataka kuwapa kitu, na mimi nataka, tuanzie kwenye maegesho. Mwenye teksi atakayefunga mita na kuweka ubao wa kiti cha magurudumu apewe nafasi ya bure mlangoni kabisa Muhimbili, kwenye vituo vikubwa vya mwendokasi kama Kimara na Kivukoni, na kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli. Wengine wakae nyuma yake. Tuone ni wangapi watabadilisha magari yao.