Sikuanguka kwenye bati, nilishuka

Kabla hamjaendelea kusambaza kwenye magrupu ile sauti ya shemeji yangu, kwamba nilianguka juu ya bati nikirekebisha dishi la TV, nasahihisha jambo moja: sikuanguka. Nilishuka. Kwa haraka, ndiyo, na ndala moja iko kwenye bati mpaka naandika hapa, lakini nilishuka.

Fundi alitaka elfu ishirini na tano, siku ya dabi. Nikamwambia mama watoto, hela yote hiyo ya kuzungusha ungo tu? King'amuzi chetu kinataka satelaiti ya digrii 7 mashariki. Kwa sisi wa Dar, dishi linatazama magharibi, kaskazini kidogo. Nilishasoma yote. Spana namba 13 mkononi, dira kwenye simu. Nani ananiweza?

Nyumba yetu ya kupanga ina madishi mawili juu. Langu la kulia. Hilo lishikeni, tutarudi.

Nikalegeza nati, nikasogeza kidogo. Chini kelele: "Aaah, imekata!" Nikarudisha. "Hiyooo! Imerudi!" Na makofi. Nikajisemea, kumbe familia yangu inanipenda hivi! Mwenye akili angekaza nati pale pale, akashuka kula ubwabwa. Mimi nikataka ubora wa mawimbi ufike asilimia 90. Nikaongeza kidogo tu. Satelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukikosea digrii moja huku chini, kule umepishana nayo zaidi ya kilomita 600. Picha ikaenda, haikurudi.

Kimya. Halafu mlango ukafunguliwa. Si wa kwangu.

Akatoka mzee wa chumba cha tatu. Nyuma yake wakwe zake kutoka Morogoro, na kanzu zao. Wakasimama uani, mmoja mmoja wakainua vichwa, viganja vimekinga jua. Mimi nimechuchumaa juu, nimelikumbatia dishi kama naliuguza.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mwanangu, unafanya nini huko? Huku ni penati."

"Natafuta mawimbi, mzee."

"Ya nani?"

Jamani. Ndipo nikaufuata ule waya kwa macho. Ukatoka kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi, ukapita chini ya mkono wangu, ukaruka kofia ya bati, ukateremka ukutani taratibu kama mjusi aliyeshiba, ukalipita dirisha langu bila hata salamu, ukaingia kwa mzee. Mwezi jana mwenye nyumba alibadilisha bati, na mafundi waliyarudisha madishi yamebadilishana nafasi. Mzee aliita fundi wa dishi wiki ile ile. Bingwa nikabana hela. Na mama watoto alikuwa ndani muda wote anaita "bado! bado!", nami simsikii kwa makofi ya watu.

Wewe unayecheka hapo, la kwako ulifunga mwenyewe?

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi akaitwa, akamaliza kwa dakika kumi, elfu thelathini kwa sababu ya usumbufu, nikalipa mimi. Penati wakwe waliisikilizia kwenye redio ya muuza duka. Shemeji alikuwa uani na simu yake. Watoto wa mtaa wananiita Satelaiti.

Kwangu bado hakuna picha. Hela ya fundi imeishia kwenye dishi la mzee.